Samaki Ishirini na Watatu wa Kitinda

Jumamosi, tarehe 6 Juni 2009, saa kumi alasiri, katika tangi la kioo lililokuwa sebuleni kwa kaka yangu palikuwa na samaki ishirini na watatu: kumi na wanne wadogo wenye mstari wa buluu ubavuni, sita wa chini tuliowaita wafagiaji, na watatu bapa wenye mapezi marefu. Konokono walikuwa watano. Watu waliokuwa wakiishi katika nyumba ile walikuwa watatu: kaka, mkewe, na mwana wao wa mwisho, ambaye sote tulimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba. Hesabu hiyo aliifanya Kitinda mwenyewe, akanisomea kutoka katika daftari lake, nami nikaihakiki kwa macho yangu, maana katika nyumba ile hesabu ya mtu mmoja haikukubaliwa.

Kaka alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Kwa miaka thelathini na mmoja alizunguka maduka, magulio, maghala ya nafaka na vituo vya mafuta akiwa na sanduku la mbao ambalo ndani yake, kila moja katika tundu lake lililotandikwa mahameli, yalilala mawe ya mizani ya shaba, kuanzia la kilo tano hadi la gramu moja lililoshikwa kwa kibanio. Mizani iliyosema kweli aliigonga muhuri. Iliyosema uongo aliifunga kwa waya na lakiri ya madini ya risasi, na mwenyewe hata angelia machozi hakumfungulia. Wauza nyama walimwita Mizani mbele yake, na nyuma yake walimwita majina ambayo sitayaandika. Nyumbani hakuwa tofauti. Mfuko wa sukari ukiingia, aliuinua kwa mkono mmoja, akafumba macho na kusema, "Hii imepungua gramu thelathini." Shemeji alikuwa na msemo wake: "Mume wangu hata akinikumbatia, nahisi ananipima."

Tangi aliliingiza Kitinda, miaka miwili kabla ya tarehe niliyoitaja, alipokuwa akisomea ualimu wa elimu ya viumbe. Alilipata likiwa na ufa, akaliziba kwa gundi ya silikoni, akaliweka kati ya cherehani ya mama yake na kabati la vyombo, akalijaza mchanga, mawe na mimea ya majini. Kaka alipinga siku tatu.

"Samaki wasioliwa," alisema, "hao ni wapangaji wasiolipa."

"Lakini hawagombani na mwenye nyumba, Baba."

Kilichomvuta kaka hakikuwa samaki, bali mbolea. Alimwona mwanawe akivuta maji ya rangi ya chai kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kuyadondosha tangini, akauliza ni dawa gani. Kitinda akamweleza kwamba ni chakula cha mimea, kwa maana mchanga ule haukuwa na rutuba.

"Mle ndani mna mizani, Baba. Sahani moja ni mwanga, sahani ya pili ni chakula. Vikilingana, mimea inakula yote na mwani, ule utelezi wa kijani, unakosa makombo. Ukizidisha chakula, mwani unakula. Ukizidisha mwanga, mwani unakula. Ukiinyima mimea, inadhoofika, majani yanaoza, na mwani unakula hayo hayo majani."

"Kwa hiyo mwani unakula kwa kila hali," alisema kaka.

"Ni kama mgeni asiyealikwa. Dawa yake si kumfukuza. Dawa yake ni wenyeji kumaliza chakula mezani."

"Haba na haba hujaza kibaba," shemeji alidakia kutoka kwenye cherehani.

"Kibaba chenye muhuri lakini," alijibu kaka, na siku hiyo hiyo alilichukua lile bomba la sindano, akalijaza maji hadi alama ya sita, akayapima kwenye mizani yake ndogo. Yalikuwa gramu sita kamili. Akabandika kikaratasi juu ya bomba na kuandika: *Kimekaguliwa. Ni sahihi.* Tangu hapo akawa wa tangi. Kitinda alibandika kadi ubavuni mwa kioo, yenye mwandiko wake uliosimama wima: *Mbolea mililita sita, Jumatatu na Alhamisi. Taa saa saba kwa siku, isizidi. Chakula cha samaki, mbano mmoja wa vidole viwili. Jumamosi, maji theluthi moja.* Taa ilijiwasha yenyewe saa sita mchana na kujizima saa moja jioni, kwa swichi ya saa.

Jumanne, tarehe 9 Juni, Kitinda aliamka na kichwa kinachouma na shingo isiyoinama. Alhamisi, tarehe 18 Juni, alifariki hospitalini kwa homa ya uti wa mgongo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na miezi mitano. Alhamisi hiyo hakuna aliyetia mbolea.

Siku ya tatu baada ya maziko, nyumba ikiwa bado imejaa watu, mgeni mmoja aligongagonga kioo kwa ukucha, akauliza, bila nia mbaya, "Na hawa sasa atawalisha nani?" Shemeji aliinuka, akaenda jikoni, akafunga mlango. Kaka alikigeuza kiti chake kikalipa tangi mgongo, akaketi. Kila mmoja aliliona tendo la mwenzake, na kila mmoja akalitafsiri kwa huruma: kaka akaamini kwamba mkewe hawezi kusikia habari za tangi lile, naye mke akaamini kwamba mumewe hawezi kulitazama. Tafsiri zote mbili zilikuwa na makosa. Haya nayasema leo. Siku ile sikuyajua.

Binti yao mkubwa, kabla ya kurejea kwa mumewe, alijaribu. "Baba, tuligawe tangi hili. Linawatonesha."

"Tangi halijamkosea mtu," alisema kaka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jambo jingine nililiona mapema, nikalinyamazia. Zamani waliitana Baba Kitinda na Mama Kitinda, asubuhi hadi jioni, hata wakiwa wamekasirikiana. Tangu maziko, shemeji alimwita mumewe Mzee, na kaka alimwita mkewe Mama, kavu, kama mtu anayemwita mpita njia. Jina la mtoto waliling'oa katika majina yao wenyewe, kila mmoja kwa ajili ya kumhurumia mwenzake. Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya cha nyumba ile ulisikika kwanza ndani ya maji.

Kaka alilitunza tangi kwa siri. Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, shemeji akiwa bado amelala, alitoa chupa ya mbolea chini ya tangi, akavuta mililita sita kwa bomba lenye kikaratasi chake, akadondosha, akasuuza bomba, akalirudisha palipokuwa. Kila asubuhi aliwapa samaki mbano mmoja. Jumamosi shemeji alikuwa akienda sokoni kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja. Nami ndipo nilipofika, tukanyonya theluthi ya maji kwa mpira, tukajaza mengine, nikakwangua kioo kwa kadi ya simu iliyokwisha, kisha tukafuta sakafu kama watoto waliovunja chungu.

Nilimwuliza, "Kaka, kwa nini usimwambie shemeji?"

"Nimwambie nini? Humwoni? Likitajwa jambo la mtoto anaondoka chumbani. Mwache apone. Huu mzigo nitaubeba mimi." Kisha akaniambia maneno ambayo sikuyasahau: "Mdogo wangu, alichoacha kikiwa hai ni hiki tu. Viatu havipumui. Tangi hili likifa, nitakuwa nimemzika mara mbili."

Wiki ya pili ya Julai, vumbi la kijani lilianza kuota kiooni. Nililikwangua. Wiki ya tatu likarudi nene zaidi, na kwenye mawe zikaota nyuzi ndefu za kijani zilizoyumba kama nywele za mtu aliyezama. Mwishoni mwa mwezi, kingo za majani mapana zilikuwa na ndevu nyeusi zisizokwanguka, na maji yenyewe yakawa na ukungu wa rangi ya ndizi mbichi. Ule mmea mkubwa wa katikati, ambao Kitinda alikuwa akiuita Mwenyekiti kwa sababu samaki wote walikaa wakiuzunguka, ulitoboka majani. Tarehe 27 Julai alikufa samaki wa kwanza.

Kaka alijaza maji ya tangi katika chupa ya jamu, tukaenda kwa muuza samaki wa mapambo, bwana mmoja mnene aliyejulikana kwa jina la Mapezi.

"Mzee Mizani!" alipaza sauti. "Mimi sina mizani humu, nauza kwa kichwa!"

"Leo nimekuja unikague wewe," alisema kaka, akaiweka chupa mezani.

Mapezi aliinua chupa kwenye mwanga, akachovya kikaratasi cha kupimia, akakingoja kibadilike rangi. Tabasamu likafutika usoni mwake.

"Mzee, haya si maji, hii ni supu. Unatia mbolea kiasi gani?"

"Mililita sita, mara mbili kwa wiki."

"Chakula?"

"Mbano mmoja, asubuhi."

"Taa?"

"Saa saba."

"Usinifiche, Mzee, kama mlevi anavyomficha daktari. Samaki wako hawafi njaa, wanavimbiwa. Hapa pameingia mara mbili ya hayo unayoyataja."

"Nimekupa hesabu niliyoipima kwa mkono wangu."

"Basi maji yanasema uongo."

Kwa miaka thelathini na mmoja kaka alikuwa amesimama upande wa chombo dhidi ya mfanyabiashara aliyeapa kwamba hakuzidisha wala kupunguza. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya kaunta akiapa. Mapezi alimshauri apunguze mbolea iwe nusu na abadilishe maji zaidi, kisha, kwa kuwa alikuwa amesikia habari za msiba, akakataa malipo na kuangalia pembeni.

Kaka alipunguza akafikia mililita tatu. Mambo yakazidi kuharibika. Akapunguza ikawa moja na nusu. Mwani ukatanda juu ya mchanga kama zulia. Hapo ndipo aliponionyesha daftari lake la kazi, lile la jalada jeusi, alimofungua ukurasa wenye mistari mitatu: waliokuwapo, waliokufa, waliopo. Kila samaki aliyemkuta amekufa alimtoa asubuhi kabla mkewe hajaamka, akamfukia chini ya bomba la maji uani, akaandika tarehe. Na kila Jumamosi alihesabu waliosalia.

"Tazama," alisema. "Tarehe mosi Agosti, pungufu mmoja. Tarehe kumi na tano, pungufu watatu. Tarehe tano Septemba, pungufu watano. Nimezika wanane. Ishirini na watatu ukiondoa wanane ni kumi na watano. Waliopo ni kumi."

"Labda wameliwa na wenzao."

"Mifupa ingebaki."

"Paka?"

"Nyumba hii ina paka?"

"Haina."

"Basi usinipe paka." Alifunga daftari polepole. "Kuna mkono wa pili. Anawatoa, mmoja mmoja. Hataki kuliona tangi, na hawezi kuniambia."

"Kaka, chunga ulimi. Neno likitoka halirudi."

"Sijasema. Nimehesabu."

Lakini mtu akikwisha kuhesabu namna ile, kusema ni suala la siku tu.

Jumamosi, tarehe 12 Septemba, mvua ilinyesha ghafla saa tisa na nusu, shemeji akageuza njia kabla ya kufika sokoni. Alifungua mlango akiwa na kikapu kitupu na kanga iliyolowa, akamkuta kaka amekunja shati hadi begani, mkono umezama tangini hadi kwenye kiwiko, na mimi nimeshika mpira unaomwaga maji kwenye ndoo. Sote watatu tulisimama. Maji yaliendelea kutiririka. Ndoo ikajaa, ikafurika, nami sikuona.

"Mzee," alisema shemeji, "unafanya nini humo?"

"Nahesabu waliobaki," kaka alijibu bila kuutoa mkono. "Asubuhi nimezika wa tisa. Waliopo ni saba. Wamepungua saba ambao sikuwaona wakifa. Mama, kama hulitaki tangi hili, ungeniambia. Usingewatoa mmoja mmoja."

Nimeona watu wakipigwa na hawakuumia kama alivyoumia shemeji kwa maneno yale. Aliweka kikapu chini.

"Niwatoe? Mimi?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimewatoa, ndiyo. Nimewatoa wakiwa wamekufa, mchana, ukiwa kazini, ili ukirudi usiwaone. Wewe uliyegeuza kiti! Nani katika nyumba hii asiyejua kwamba huwezi kulitazama?"

"Nani amesema siwezi?"

"Kiti chako kimesema!"

Kaka aliutoa mkono. Ulikuwa umevaa nyuzi za kijani hadi kwenye kiwiko. "Kiti nilikigeuza ili usinione nalia," alisema. "Wewe ndiye uliyefunga mlango wa jikoni."

"Nilikwenda kutafuta chakula cha samaki," alisema shemeji. "Yule mgeni aliuliza atawalisha nani. Nikasema moyoni, nitawalisha mimi."

Kisha alituambia yote, amesimama pale pale mlangoni, maji ya mvua yakimdondoka. Kila siku kaka alipoondoka, alifungua chumba cha Kitinda. Chini ya kitanda palikuwa na chupa ya pili ya mbolea, akiba ambayo mtoto aliichanganya mwenyewe. Jumatatu na Alhamisi, saa nne asubuhi, alitia kama kadi ilivyoagiza, kwa maana aliamini hakuna mwingine atiaye. Samaki aliwapa mbano mmoja adhuhuri. Na taa aliiwasha kwa mkono tangu saa mbili asubuhi, akashona mbele yake hadi saa sita swichi ilipoipokea, kwa kuwa mtoto alikuwa akipenda kuketi pale, na bila ile taa sebule ilikuwa nyeusi. Kioo kilipokuwa kimekwanguliwa, alidhani ni mimi, shemeji yake, kwa huruma zangu.

"Na majani yalipoanza kutoboka nikaona yana njaa," alisema. "Nikaongeza kikombe cha pili. Mwezi mzima nimetia viwili viwili."

Mwezi mzima ule ule kaka alikuwa akipunguza, na kila alichokipunguza alfajiri kiliongezwa saa nne. Nilijilaumu na mimi. Nilikuwa nimeshika mpira kila Jumamosi, na sikuwahi kuuliza swali moja kwa mtu wa pili wa nyumba.

"Kikombe gani?" aliuliza kaka.

Shemeji alikwenda chumbani kwa Kitinda, akarudi na kikombe kidogo cha plastiki, kile kinachokuja na dawa ya kikohozi, chenye alama ya wino aliyoichora kwa kalamu ya kupimia nguo. Kaka alikipokea kwa mikono miwili. Nikaona anakwenda kabatini, anashusha mizani yake ndogo, anaisawazisha juu ya meza ya cherehani. Nilitaka kumwambia, kaka, si wakati wake. Nashukuru nilinyamaza. Aliweka kikombe kitupu sahani moja, akakilinganisha. Akajaza maji hadi kwenye alama ya wino. Akaongeza mawe upande wa pili kwa kibanio: la gramu tano, kisha la gramu moja. Kidole cha mizani kilicheza, kikatulia katikati.

Kwa mikono ambayo wauza nyama wa mji mzima waliiogopa, alikishusha kikombe bila kumwaga tone.

"Mama Kitinda," alisema, "kipimo chako ni sahihi."

Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutamkwa ndani ya nyumba ile kwa siku themanini na sita. Shemeji aliketi sakafuni, katika maji ya ndoo iliyofurika, akalia kwa sauti, na kaka akaketi kando yake, na shati lake na mkono wake wa kijani. Nilitoka uani kuwaacha, mvua ikiwa imekatika.

Baadaye walitoka. Shemeji alituonyesha chungu cha maua chini ya dirisha la Kitinda; alikuwa amewafukia mle, kila mmoja kafungwa katika kipande cha kitambaa kilichobaki cherehanini. Alikuwa hajui idadi. Kaka hakutaka kufukua. "Ni saba," alisema. "Tisa bombani, saba chunguni, saba ndani. Hesabu imekaa." Alifungua daftari ili aandike, akalifunga bila kuandika.

Tulimpigia simu Mapezi. Nilisikia akicheka kwanza, kisha akaomba aelezwe tena. Akasema kwamba manahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama, ila huu ulikuwa mrama wa mapenzi, na kwamba lilibaki jambo moja: kubadilisha nusu ya maji, kutotia mbolea wala chakula, kuzima taa na kulifunika tangi giza totoro kwa siku tatu, huku pampu ya hewa ikiendelea. Mwani hauvumilii giza. Mimea huvumilia kidogo. Samaki aliwasema mwishoni. "Wengine watakufa, Mzee, maana mwani mwingi ukifa maji huchafuka. Lakini msipofunika watakufa wote. Na msichungulie. Mkifunua hata kidogo, mnaanza upya."

Tulibadilisha maji, tukatafuta cha kufunikia. Mashuka yalipitisha mwanga. Shemeji alikwenda chumbani kwa Kitinda, akarudi na blanketi la kijivu lenye mistari miwili ya buluu. Sote tulilijua. Lilikuwa bado halijafuliwa.

"Litashika harufu ya maji," alisema kaka.

"Na lishike," alisema shemeji.

Walilitandaza wawili, huyu upande huu na yule upande ule, wakalivuta hadi sakafuni, wakalibana kwa vibanio vya nguo. Shemeji alilipapasa lilipokunjamana, akalinyoosha, akalipapasa tena. Hospitalini alikuwa amefanya vivyo hivyo. Kaka alikigeuza kiti chake kikaelekea tangi, akasogeza na kiti cha mkewe.

Siku zile tatu nilifika kila jioni. Niliwakuta wameketi mbele ya blanketi kama wageni waliowahi kufika kabla ya mwenyeji. Walikuwa wakizungumza. Jinsi Kitinda alivyomficha konokono mfukoni akamsahau hadi suruali ikafuliwa. Jinsi alivyokuwa akimdanganya baba yake kuhusu alama za hesabu, na baba, mpima uongo wa mji mzima, hakumshika hata mara moja. Shemeji alicheka hapo, kisha akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Baba Kitinda," alimwuliza siku ya pili, "kama tungesemezana Juni, wangekuwa hai wangapi?"

Kaka alilifikiria kama alivyofikiria kila swali la idadi.

"Wengi," alisema.

Kaka alistaafu mwaka uliofuata, akafariki mwaka 2016, na sanduku la mawe ya shaba liko kwangu. Juu ya bomba la sindano lililomo ndani yake kikaratasi kingali kimeshika, na pembeni yake kuna kikombe cha dawa ya kikohozi chenye kikaratasi cha pili, kilichoandikwa maneno yale yale kwa mwandiko ule ule. Baada ya Septemba ile mbolea ilitiwa na mkono mmoja, zamu kwa zamu, na aliyetia alimwambia mwenzake kabla ya kutia na baada ya kutia. Lakini hesabu ninayotaka kuiacha hapa ni ya siku ya kufunua.

Jumanne, tarehe 15 Septemba 2009, saa kumi na moja jioni, walivitoa vibanio, wakalivua blanketi, kila mmoja akishika pembe zake mbili. Maji yalikuwa meupe. Nyuzi zilikuwa zimelala chini, za kijivu, zimekufa. Samaki watatu walikuwa wakielea, na shemeji aliwatoa mwenyewe kwa kijiko, kaka akishika kitambaa. Majani yote ya Mwenyekiti yalikuwa yameyeyuka, isipokuwa moja lililokuwa likichomoza shinani, limejikunja, halizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kaka alihesabu kwa sauti, nami nikahakiki.

Wenye mstari wa buluu, mmoja. Wafagiaji, watatu. Bapa, hakuna. Konokono, watano. Jani, moja. Watu, wawili.